Plamu ya Mong'ina na panga lililohamia kwa Ogoti

Jumapili asubuhi ukungu bado umelalia mashamba ya chai ya Ikonge, na Orpah Nyakerario anachuma chai huku akikwepa kuutazama mti anaoupenda kuliko yote. Kikapu kiko mgongoni, vidole vinakimbia, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Akifika mwisho wa mstari hugeuka upesi, ili macho yake yasikutane na mti huo.

Mti wenyewe si wa kuringia. Ni kisiki kinachofika magotini, na pembeni mwake yameota matawi membamba yaliyonyooka kama fimbo za kuchungia. Matawi matano yamefungwa tepe nyeupe za nailoni. Ndani ya kila utepe kuna jicho moja la mti wa plamu, yaani chipukizi ambalo bado halijafunguka, dogo kama punje ya mtama, lililochomekwa chini ya gome wiki tatu zilizopita.

Leo ndiyo siku ya kujua kama macho hayo yameshika au yamekufa. Yakiwa yamekufa, plamu ya mama yake mzazi imekwisha. Hata hivyo, Orpah amekataa katakata kugusa kitu mpaka mgeni wake afike kutoka mjini Kisii.

"Haya macho si yangu peke yangu," anasema bila kuacha kuchuma. "Huyo mama asipofika, hakuna mtu anagusa."

Mumewe, Sylvanus Bosire, ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akikoroga chai ambayo haihitaji kukorogwa. Ni mzee mcheshi, majirani wanasema hivyo, ila leo hachekeshi mtu. Ana sababu. Yeye ndiye aliyeukata mti.

Orpah ana miaka hamsini na saba, ni mama wa watoto wanne na mwimbaji wa sauti ya pili katika kanisa la Waadventista lililo upande wa juu wa barabara. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mkulima wa chai, kama jirani zake wote. Lakini ukishuka nyuma ya nyumba, chini ya migomba, utakuta kitalu chake kimefunikwa kwa wavu mweusi, na humo miche ya parachichi, pichi na plamu za kisasa imepangwa kama watoto wa shule asubuhi ya gwaride.

Mche mmoja wa parachichi huuzwa shilingi mia moja na hamsini. Miaka ambayo bonasi ya chai ilikuja nyembamba, miche hiyo ndiyo iliyomsomesha Kemuma, kifungua mimba wao, hadi akawa muuguzi. Tangu hapo hakuna aliyeiita kazi hiyo mchezo wa Orpah na visu, kama Sylvanus alivyoiita hapo awali.

Kupandikiza alifundishwa na Bi. Lorna, afisa wa kilimo aliyestaafu, ambaye Orpah humtaja kama watu wanavyomtaja mchungaji aliyewabatiza. Bi. Lorna alikuwa akipita vijijini kwa pikipiki, akikusanya akina mama kanisani baada ya ibada ya katikati ya wiki, na somo lake la kwanza lilikuwa matunda ya kokwa.

Somo hilo Orpah hulirudia kwa kila mgeni, na hakuna anayeondoka bila kulipata. Hukupa kokwa ya pichi, jiwe la kusagia na nyundo, kisha anakungoja. Unagonga, kokwa inaruka. Unagonga tena, inaruka upande wa pili. Ukifaulu kuipasua unakuta ndani yake mbegu laini, nyeupe, imelala kama lozi.

"Hiyo ndiyo maana yake," anaeleza. "Nyama iko nje, nyumba ya mawe iko katikati, na mbegu inakaa ndani ya nyumba. Pichi, plamu, hata embe la kule kwenye joto, zote ni ndugu kwa hiyo njia."

Hapo ndipo jirani yake Ogoti huingilia kati, maana hajawahi kukubali parachichi liachwe nje ya ukoo huo. Kwake yeye hakuna tunda lenye jiwe kubwa kama parachichi. Mjadala huo umekuwa ukiendelea kwa miaka, mara nyingi juu ya ua, mara nyingine njiani kutoka kanisani.

Orpah humjibu kwamba mbegu ya parachichi ni kubwa lakini iko wazi, ina kigozi chembamba tu, na ukiitupa jalalani utaikuta imechipuka. Ya pichi imejifungia. Yeye huzifukia kokwa zake kwenye mchanga wenye unyevu, ndani ya chungu kilichozikwa karibu na kijito ambako hakuna jua, na huzisahau huko mpaka baridi ya Julai izishawishi kufungua mlango.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kokwa, na ndilo lililo kiini cha simulizi hii. Kokwa ya plamu tamu ukiipanda haikuletei plamu ile ile. Itakuletea mtoto anayefanana na mjomba ambaye hamkumjua: pengine mchachu, pengine mdogo, pengine mzuri kwa namna yake. Anayetaka plamu ya mama yake lazima achukue kipande cha mti wa mama yake, akiunganishe na mti mwingine wenye mizizi.

Na Orpah aliitaka ya mama yake.

Mama huyo, Mong'ina, aliishi Birongo hadi alipofariki. Kando ya jiko lake palikuwa na mti wa plamu aliopewa na mwalimu mpangaji aliyekuwa akihamishwa kurudi kwao. Plamu zake zilikuwa na ganda jekundu la kukaribia kuwa jeusi, nyama ya manjano, na ukiuma mara moja kokwa ilijitoa yenyewe, safi, bila kung'ang'ania. Mong'ina alipokwenda kumwona binti aliyejifungua alibeba uji wa wimbi kwenye kibuyu na plamu kwenye kikapu kidogo. Orpah anasema yeye mwenyewe aliletewa mara nne, kwa kila mtoto.

Mama alipozikwa, ndugu wa kiume waligawana shamba, na mti ukaangukia kwenye mpaka. Mti wa mpakani hauna wa kuutetea. Ulikatwa kabla hata ya mvua za mwaka ule. Bahati ni kwamba Orpah alikuwa ameshatoka na vijiti alivyovikata kwenye mti huo, akavifunga kwa maganda mabichi ya mgomba na kuvipandikiza juu ya mti wa pichi uliojiotea karibu na jiko lake hapa Ikonge.

Mti ukakua ukiwa na akina mama wawili, pichi chini na plamu juu. Mahali walipoungana palibaki kovu, nene kidogo, kiasi cha kimo cha kiuno. Orpah alilijua kovu hilo kama anavyoijua njia ya kisimani. Hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu wa nyumba ile asiyelijua.

Agosti iliyopita alikwenda makambi, wiki nzima ya maombi na nyimbo ambayo Waadventista wa huku hawaikosi. Sylvanus alibaki na ng'ombe. Na kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupogoa chai, alikuwa amenoa panga lake mpaka likawa linanyoa nywele za mkono.

"Nikaona hii mti imezeeka, imeota ndevu," anasema, na ni kweli, kuvu la kijivu lilikuwa limening'inia kwenye matawi. "Matunda yalikuwa yamepungua. Sasa mimi najua chai. Chai ikizeeka unaikata chini, inarudi ikiwa msichana. Nikasema nimfanyie mke wangu zawadi."

Mkulima wa chai akitazama mti huona chai. Sylvanus aliukata ule mti magotini, kama alivyofundishwa na baba yake. Kwa mkato wenyewe hakuna wa kumlaumu: ulikuwa laini, umeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yasituame. Kisha akayalaza matawi juu ya kisiki kukikinga na jua, maana ndivyo chai iliyopogolewa inavyotunzwa. Akafagia, akaoga, akamngoja mke wake kwa furaha.

Orpah alirudi na godoro kichwani. Anasema alipofika kwenye kona aliona anga mahali ambapo hakuwahi kuliona, akadhani ameingia boma la watu wengine. Aliweka godoro chini, akalikalia. Sylvanus alimweleza kuhusu zawadi yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Baba Kemuma, ulikata juu ya kovu au chini ya kovu?"

"Kovu gani?" mzee akauliza.

Orpah aliinua tawi moja baada ya jingine akitafuta hata jicho moja lenye uhai, lakini jua la wiki nzima lilikuwa limeyakausha yote. Kitaluni hakukuwa na mche hata mmoja wa plamu ile. Soko lilikuwa linataka parachichi, na plamu ya Mong'ina aliipandikiza kwa nadra, kwa mtu aliyembembeleza sana.

Jioni ile panga lilihama. Orpah alilipeleka mwenyewe kwa Ogoti, akamwomba alitunze. Ogoti alilipokea kama askari anavyopokea mtuhumiwa. Tangu siku hiyo Sylvanus akitaka kukata nyasi za ng'ombe huvuka ua kwenda kuomba panga lake mwenyewe, na hulirudisha kabla ya giza, huku Ogoti akimkumbusha kwamba parachichi nalo lina jiwe.

Baada ya mvua chache kisiki kilichipuka kwa nguvu, na Sylvanus akaanza kupumua. Ni Orpah aliyemwonyesha majani: marefu, membamba, yaliyokunjika kama ya mpichi. Chini ya kovu hakukuwa na plamu. Mti ulikuwa umerudi kuwa msichana kweli, ila msichana mwingine.

Ndipo Orpah akaanza kuwafuata watu aliowahi kuwapa miche. Alikwenda Kenyenya, akakuta mahali pa mti pamejengwa nyumba ya kijana aliyeoa. Alikwenda Birongo kwa wifi yake, akakuta mbuzi walishaumaliza zamani na hakuna aliyemwambia. Akabaki na mtu mmoja, na huyo ndiye ambaye hakutaka kumfuata.

Benter Akumu ni fundi wa cherehani mjini Kisii, hushona sare za shule. Nyumbani kwa mumewe ni karibu na Kendu Bay, ziwani. Miaka ya nyuma alileta sare Ikonge siku ya soko, akaonja plamu kwenye kikapu cha Orpah, na hakuondoka bila mche. Aliupeleka ukweni, akaupanda mbele ya nyumba, akamwambia kila mtu asubiri aone.

Wakasubiri. Mti ukarefuka, ukajaa majani, na haukutoa ua hata moja. Plamu huhitaji baridi ili iamke, na kando ya ziwa baridi huisikia redioni tu. Mama mkwe akaanza kuwaonyesha wageni: huu ni mti tasa, umeletwa na mke wa mwanangu kutoka milimani.

Benter alirudi Ikonge na hasira yake, akasema mbele ya soko zima kwamba ameuziwa mti usiozaa. Orpah, ambaye siku hiyo naye hakuwa mpole, alimjibu kuwa mti hauna kosa, kosa ni la jua la kwao. Lilikuwa jibu la kweli, lakini ukweli nao una namna ya kusemwa. Kwa miaka sita wanawake hao hawakusalimiana.

Januari, Orpah alibeba mkungu wa ndizi akashuka mjini. Aliketi kwenye benchi la wateja kando ya cherehani. Benter alimwona, akaendelea kushona pindo la sketi mpaka mwisho wake, akakata uzi kwa meno. Orpah akasema amekuja kuomba radhi kwanza, na kwamba angepaswa kumuuliza mche unakwenda kupandwa wapi kabla ya kumpa. Hilo la pili lililomleta angelisema akisamehewa, na asiposamehewa angekwenda zake, ndizi zibaki.

Benter alimsamehe, na alipomaliza kulisikia la pili, ombi la vijiti vya ule mti usiozaa, alicheka mpaka wateja wakageuka.

"Ile mti bado iko," alimwambia. "Okoth alitaka aikate atoe nguzo za banda la kuku. Nikamwambia mimi nilipakata hiyo kitu kutoka Kisii mpaka Kendu Bay kama mtoto. Siwezi kukubali nilipakata kuni."

Okoth ni mumewe, na inaonekana ni mtu anayejua mahali pa kunyamaza.

Ilibidi wangoje matawi ya kisiki yanenepe kiasi cha kalamu na mvua za masika zilainishe gome. Mwisho wa Machi walikwenda ziwani pamoja. Mti tasa walikuta umefungwa kamba ya kuanikia nguo, na mama mkwe akaondoa shuka zake kwa shingo upande. Orpah alikata vijiti, akapunguza majani akibakiza vikonyo tu, akavifunga kwa maganda ya mgomba yaliyoloweshwa. Benter alizungushia juu vipande vya kitambaa cha sare, bluu na kijani.

Siku iliyofuata Orpah alipandikiza. Alipasua gome la mpichi mkato mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, akalifungua taratibu kama mtu anayefungua kola, akachomeka jicho la plamu na kufunga utepe. Mizizi ya chini ina nguvu ya miaka ishirini. Hilo, anakiri akimtupia mzee jicho la pembeni, ni jambo moja ambalo panga halikuliharibu.

Saa nne kasoro boda boda inasimama barabarani na Benter anashuka, mwanamke mrefu mwenye futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Wanasalimiana kwa mikono miwili. Benter anamwita mwenyeji wake Mama Kemuma, naye anaitwa Mama Ombok, kila mmoja kwa jina la mtoto wake, na chai inamiminwa. Hakuna anayeimaliza.

Namna ya kupima ni rahisi kuieleza na ngumu kuitazama. Chini ya kila jicho kimebaki kikonyo cha jani. Ukikigusa kikaanguka chenyewe, jicho liko hai na mti umekipa ruhusa ya kwenda. Kikiwa kimesinyaa na kung'ang'ania, jicho limekufa.

Orpah ananawa mikono, anakausha kwa kanga, anapiga magoti. Anagusa kikonyo cha kwanza. Hakisogei. Anafungua utepe, na jicho ni jeusi. Cha pili nacho kimeng'ang'ania. Cha tatu kinavunjika katikati kama kijiti cha kiberiti, na nusu yake inabaki pale pale.

Benter amejifunga ile futi kwenye vidole mpaka vimebadilika rangi. Jogoo wa Ogoti anawika ovyo, na hakuna anayemjali.

"Baba Kemuma," Orpah anaita bila kugeuka. "Njoo wewe."

Sylvanus anasema mkono wake ni mbaya. Orpah anamwambia aulete hivyo hivyo. Mzee anasimama, anaufuta kwenye suruali mara nyingi kuliko inavyohitajika, anainama, na kwa ncha ya kidole anagusa kikonyo cha nne.

Kinaanguka.

Kinaanguka bila sauti kwenye majani makavu, na mahali kilipokuwa panabaki alama ndogo safi, na juu yake jicho la kijani lililovimba. Sylvanus anabaki ameinama vile vile. Mke wake anaweka mkono mgongoni kwake na kuuacha hapo. Cha tano anakigusa Benter, nacho kinaanguka.

Benter anatoa simu na kumpigia mama mkwe. Wanaongea Kidholuo, kwa sauti ya watu walio mbali, kisha Benter anacheka mpaka anashika goti.

"Nimemwambia ule mti wake tasa umezaa, ila umezalia Ikonge," anatueleza. "Ameuliza ni mvulana ama ni msichana."

Kwa hesabu za Orpah, Mungu akipenda, plamu za kwanza zitaiva baada ya miaka mitatu. Lakini hatangoja matunda. Matawi yakinenepa tu ataanza kukata macho, na kila atakayekuja kununua parachichi ataondoka na mche mmoja wa plamu ya Mong'ina bila kulipa, awe wa Kenyenya, wa Birongo au wa kwingineko, mradi kwao kuna baridi. Wa Benter utapandwa hapa hapa, karibu na lango, uwe wake, aje auchume mwenyewe.

"Nilikuwa naificha kwa sababu naipenda," anasema. "Hiyo ndiyo ilikuwa makosa. Si ya huyu mzee."

Sylvanus anasikia, ingawa anajifanya anapanga vikombe. Orpah anajitwika kikapu chake, maana majani ya asubuhi hayajafika kituo cha chai na ukungu umeshainuka. Anapiga hatua mbili, anasimama.

"Baba Kemuma, enda kwa Ogoti ukachukue panga yako," anamwambia. "Ikae kwake tena ya nini, na hii ni kwako?"